Dirisha la Miguuni pa Mama

Mafundi wenzake walimpachika jina la Milimita, kwa sababu hata baada ya kupima kioo alikitazama tena kwa jicho la kushuku. Jina likabaki, kazi ikaondoka. Mwenye karakana alinunua mashine ya kukatia vioo, akawaaga mafundi kwa maneno matamu, na maneno matamu hayachemshwi yakaiva.

Nyumbani Milimita alificha kwamba ameachishwa kazi. Mama yake alikuwa kitandani, moyo mbovu, na daktari alionya kwamba habari ya kushtua inaweza kummaliza. Aliyejua ni mdogo wake wa kike tu, aliyekuwa akimuuguza mama huku akishona nguo za watu sebuleni. Basi kila asubuhi Milimita alivaa ovaroli, akabeba mkoba wa vifaa, akaaga kwamba anakwenda kazini. Akishazunguka kutafuta kibarua na kukosa, alirudi kuketi kwenye benchi la fundi pancha, ng'ambo ya barabara, mkabala na kichochoro cha nyumba yao. Mwenye akili zake angejificha mbali. Lakini yeye alihofia mama asije akazidiwa akiwa hayupo, kwa hiyo akajificha hapo hapo karibu, roho juu kutwa nzima.

Siku moja mama akasema, "Baba, nimeuchoka ukuta huu. Dirisha lenyewe liko kisogoni, na hata nikigeuka naona ukuta wa jirani. Nimezaa fundi vioo, halafu sioni hata kuku akipita! Niletee barabara humu ndani."

Angekataaje? Alitoa vioo viwili vya kujitazamia alivyokuwa ameviweka uvunguni. Kimoja alikifunga kwenye ukuta wa jirani, kwa ruhusa yake, nje ya dirisha, akakigeuza kuelekea barabarani. Cha pili alikitundika ukutani miguuni pa kitanda, akakizungushia fremu ya mbao na pazia fupi, kikawa dirisha hasa. Barabara ikaingia kwa dirisha la kweli, ikapita juu ya kichwa cha mama, ikatokea kwenye dirisha la uongo. Hata maandishi ya dukani yalisomeka sawasawa, maana kioo cha pili kiliyanyoosha yaliyogeuzwa na cha kwanza.

Kilichomtoa jasho ni jambo jingine. Alijilaza mwenyewe kwenye mto wa mama, mdogo wake akiwa nje anasogeza kioo. "Rudisha kidogo. Tena. Hapo, usiguse!" Palionekana duka na bomba la maji. Benchi la fundi pancha lilibaki nje ya fremu, kwa upana wa kidole.

"Kaka, si umwambie tu?" mdogo wake alimnong'oneza baadaye.

"Unataka nimuue mama?"

Mama alifurahi kupita kiasi. Jirani aliyekuja kumjulia hali alikwenda moja kwa moja kwenye ile fremu ili amwite mwanawe aliyekuwa bombani, akagonga paji la uso kwenye kioo. Mama alicheka mpaka Milimita akaogopa kwamba kicheko nacho kitamdhuru.

Kule kwenye benchi hakutulia. Alisogea mwisho kabisa, akainamisha kichwa kila pazia la jirani lilipotikisika.

"Bwana, unakaa kama mwenye jipu," fundi pancha alimtania. "Tulia, kiti hakina meno."

Mchana mmoja jua liliingia vizuri kichochoroni. Milimita akakitupia jicho kioo cha nje, kama fundi anayekagua kazi yake, na ndani yake akaona uso, mdogo kama picha ya kitambulisho. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameegemea mito. Alikuwa akimtazama yeye. Kumbe alikuwa amepima kwa kichwa kilicholala upande wa ukutani, hakupima kwa mama aliyeketi ukingoni. Na fundi vioo yeyote anajua: ukiyaona macho ya mtu kwenye kioo, naye anayaona yako.

Alivuka barabara bila kuangalia magari, honi zikimlilia huku na huku. Njia ya mwongo ni fupi, hilo alilijua, ila hakudhani ingeishia kitandani kwa mama yake. Akilini alishamwona amezimia.

"Mama! Uko salama? Moyo vipi?"

"Mbona unahema hivyo? Kaa." Mama alimshika mkono. "Umetoka kazini?"

"Kazi hakuna, mama. Waliniachisha."

"Najua. Nakuona pale tangu mdogo wako aliponiongezea mto. Siku ya kwanza nililia."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Niliogopa, baba. Ningesema nimekuona, ungeona haya, ungekwenda kukaa mbali. Na mimi nikishtuka usingizini, nikaketi nikakuona pale, moyo unatulia."

Milimita akaketi sakafuni, akalaza kichwa kitandani karibu na mkono wake, akalia kwa sauti, mlango ukiwa wazi.