Msimamo wa Mwandishi na Vyungu vya Ikombe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika sekondari moja ya kata huku Matema, kando ya ziwa, niliwasomea kidato cha pili tangazo la zahanati kuhusu vyandarua. Nikauliza, msimamo wa mwandishi ni upi? Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Msimamo wa kimapinduzi!" Nilicheka mpaka nikashika meza. Kumbe walikuwa wamekariri jibu hilo kwenye notisi za fasihi, na kila habari waliipaka hilohilo.

Nikaweka notisi kando, nikaleta magazeti ya kufungia maandazi. Msimamo, niliwaambia, ni jinsi mwandishi anavyomwona yule anayemwandika. Utafuteni katika maneno aliyoyachagua, na katika yale aliyoyaruka.

Mkuu wa Shule, mtu wa suti hata kwenye joto la ziwani, hakupendezwa. "Madam, mtihani hautungwi na gazeti. Ijumaa Mthibiti Ubora anakuja kukagua. Wakishindwa kujibu, unarudi kwenye notisi."

Ijumaa, Mkuu na Mthibiti wakiwa wameketi nyuma ya darasa, niliwapa wanafunzi makala ya gazeti kuhusu wafinyanzi wa kijiji cha Ikombe. Ilijaa sifa: kinamama hodari, mikono ya ajabu. "Anawasifu!" darasa likasema, kisha kimya. Mkuu akanitazama.

Ndipo Tumpe akanyoosha mkono. Alitoka Ikombe, alikuja kwa mtumbwi, na tangu aanze shule hakuwa amesema neno darasani, kwa kuwa wenzake walimtania kwa udongo wa vyungu vya kwao.

"Anapenda vyungu, Madam. Lakini yeye hawaoni waliovifinyanga. Mwenye nyumba ya wageni kamtaja jina. Kinamama, hata mmoja hana jina. Na hicho chungu cha kwenye picha ni cha mama yangu."

"Mama yako anaitwa nani?" Mthibiti akauliza.

Tumpe akainama, maana kwetu mtoto hatamki ovyo jina la mzazi. "Sekela."

Mthibiti alipoondoka ameridhika, Mkuu alifuta jasho. "Haya, endelea na magazeti yako." Nilifurahi mno siku ile.

Sasa nimestaafu, naanika kakao Mwaya. Ninyi mnaoanza kazi, msiliogope darasa lililonyamaza. Huenda bado linasoma.

Juzi Tumpe alinijia asubuhi na kijitabu alichowaandikia wageni wa Matema. "Ugonile, Madam," akanisalimia kwa kilugha. "Nipe msimamo wa mwandishi."

Nikavaa miwani. Mstari wa kwanza ulisema: *Chungu hiki kimefinyangwa na Sekela, mama yangu.* Machozi yakanitoka.

"Msimamo wa kimapinduzi," nikamjibu.

Tukacheka sana, ila mimi sikuwa natania.