Onja Kwanza, Deodata

Wifi yangu Deodata hana mguu wa kushoto, na bado asubuhi anaamka anacheka. Watu wanamshangaa. Mimi Esperansia sishangai, mimi nina hasira, maana najua mguu ule umeliwa na nani.

Kaka yangu Thobias alipofariki, Deodata alibaki na nyumba, migomba na ukimya. Akalala kitandani hata jembe lake likaota kutu. Akakonda, akawa anakunywa maji mtungi mzima na kiu haiishi. Nikamburuta hospitali, wakampima, wakakuta kisukari. Daktari akamwambia soda, chai ya sukari, keki na pombe ya ndizi aviage kabisa. Atembee kila siku, ameze vidonge, na asikae na huzuni. Hilo la huzuni lilinichekesha. Mjane utamwambiaje asikae na huzuni?

Lakini Deodata ukimpa neno analishika. Parokiani ikaja semina ya akina mama, na mwalimu mmoja kutoka Biharamulo akawafundisha kuwaza mema kabla hujatoka kitandani, na kuoka keki kwa jiko la mkaa: sufuria kubwa, mchanga ndani, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Wenzake walirudi na kalamu za semina. Yeye alirudi na maisha. Alfajiri utamwona anapanda kilima cha Kanazi mbiombio, anajisemea, "Mimi mzima, leo siku njema." Akishuka anaponda ndizi mbivu, anaoka, nyingine anagawa, nyingine anauza, na harufu inafika hadi kwangu.

"Wewe huoni tamaa?" nilimuuliza.

"Wifi, harufu inanitosha. Nikiona mtu anatafuna cha kwangu mpaka anafumba macho, nimeshiba."

Basi furaha yake yote ilikuwa hiyo, kuona watu wanakula kutoka mkononi mwake. Hakutaka kingine.

Sasa sikilizeni. Kwetu mtu hakupi kinywaji wala chakula kabla hajakionja yeye mbele ya macho yako. Mwenye pombe anapiga funda la kwanza, ndipo anakukabidhi. Anakuambia bila kusema kwamba humu hamna sumu. Mtoto wa kwetu anajua hilo kabla hajajua Baba Yetu. Deodata naye alilijua, kabla ya kuugua, pombe na uji alikuwa anaonja kama sisi sote. Lakini keki aliiona kitu cha semina, kitu cha kigeni, akadhani mila haiifuati huko. Kosa lake ndilo hilo, sijui lingine.

Siku ya ubatizo wa kitukuu cha mzee Ndayisaba alipeleka keki. Akaikata, kipande cha kwanza akampa mzee. Mzee mwenyewe mkongwe, kifua kinakoroma tangu masika. Akala, akasifu, akaomba tena. Wiki haikuisha akafa. Mimi nasema alikuwa amechelewa kufa, Mungu anisamehe. Ila pale msibani nikamsikia Francisca, mkwe wa marehemu, anamnong'oneza mwenzake.

"Keki ile aligawa Deodata. Ulimwona akionja?"

"Sikumwona."

Weee! Moto ukawaka. Kumbe alfajiri anapanda kilimani kufanya nini? Kumbe njiani anaongea na nani? Na mjane gani huyo ananawiri, anacheka peke yake? Yaani yote yaliyomponya yakawa ushahidi. Lisemwalo lipo, wakasema, na wao ndio waliokuwa wanalisema.

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Walipokea keki kwa mikono miwili, "Asante mama, Mungu akubariki," halafu wakaitupa. Siku moja tunakata njia nyuma ya kwa Francisca, tukazikuta chini ya migomba, nzima nzima, sisimizi wamejaa. Deodata akachuchumaa, akaanza kupangusa sisimizi kwa kanga yake, kana kwamba kuna mtu atazila tena. Akalia. Tangu tulipomzika Thobias sikuwa nimemwona akilia vile.

Jumapili baada ya misa akasimama nje ya kanisa, akawaambia watu ukweli: ana kisukari, haruhusiwi kula tamu. Anneth, yule mwenye mgahawa wa chai barabarani, akacheka mbele ya wote.

"Mama Deodata, mgonjwa gani anapanda kilima kutushinda sisi wazima? Wewe onja tu, yaishe."

Nilimwambia wifi yangu, "Usithubutu! Waache na mihogo yao." Nikamshauri aoke isiyo tamu. Akaoka. Wakaiita mkate wa wagonjwa, ikalala.

"Wifi," akaniambia, "kukaa na keki isiyoliwa ni kurudi kule kitandani. Kule nilikuwa maiti. Acha nionje."

Akaanza na makombo. Loo, binadamu! Ukimpa makombo anataka mkate. "Hapo pembeni umechagua mwenyewe, onja katikati." Mwingine anakuja: "Na upande huu." Anneth, anayechukua nyingi za kuuza mgahawani, akazidi wote: "Fungua mdomo tuone kama umemeza." Mama wa watu, mtu mzima, anafungua mdomo sokoni kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo, na wao wanacheka. Wanacheka na wananunua.

Na yeye anarudi nyumbani amefurahi! "Zimeisha zote, wifi! Wamekula!" Nilitamani kumpiga kibao, nilitamani kumkumbatia. Kiu ikarudi. Macho yakaanza kuona ukungu. Kilimani bado anapanda, anajisemea yeye ni mzima. Kandambili ikamchubua kidole, kidogo tu, jambo ambalo mimi ningetema mate nikaendelea na safari. Kidonda kikakataa kufunga. Kikala kidole, kikala unyayo, harufu yake ikashinda harufu ya keki. Hospitali wakaukata mguu chini ya goti.

Wakaja kumpa pole, tena wengi. Francisca alileta uji, akauonja mbele yake kwa madaha, funda kubwa, ndipo akampa. Alipotoka mlangoni nikamsikia anamwambia mwenzake, "Sumu imemrudia mwenyewe." Nikauchukua uji wake nikaumwaga miguuni pake. Deodata akaita kutoka kitandani, "Wifi, waza mema!" Mema gani, jamani? Nilienda jikoni nikalia kwa hasira.

Mwezi uliopita akaomba sufuria yake. Sikuweza kumkatalia. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikawasha mkaa, akaponda ndizi. Harufu ilipopanda, uso wake ukarudi ule wa zamani. Haikuchukua muda Anneth akapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akachagua kubwa kuliko zote. Akainusa. Akaishika vile vile, anangoja.

"Anneth, huna macho?" nikamwambia. "Mguu huo umeenda wapi? Daktari kasema akiendelea na tamu, na huu mwingine unakwenda, na yeye nyuma yake. Nunua au uondoke!"

Hakukasirika. Akairudisha keki taratibu, akajifuta mikono. "Basi, shangazi. Nitachukua maandazi kwingine." Akatoka. Nikashukuru Mungu, kweli nilishukuru.

Alikuwa ameshafika kwenye migomba Deodata alipoita, "Anneth! Rudi, mwanangu."

Akaikata ile keki mwenyewe, akatoa kipande cha katikati, kinene, bila kuambiwa. Nikamshika mkono. Akautoa mkono wangu polepole, ananitabasamia. Akatafuna, akameza. Halafu akamgeukia Anneth, akafungua mdomo.