Daraja la Kwanza la Kaka Theonest

Watu wa kijijini kwetu walimcheka kaka yangu Theonest kwamba hakujua kufunga kamba. Ng'ombe aliowafunga yeye walikutwa kwenye mtama wa jirani. Magunia ya pamba aliyoyafunga yeye yalimwagika njiani kabla ya kufika ghalani. "Na huyu eti alikuwa skauti," walisema. Mimi nilikaa kimya. Nitaeleza kwa nini, ingawa sijipendi kila ninapoieleza habari hii.

Theonest alijua kufunga. Mwaka 1951, alipokuwa na miaka kumi na minne, hakuna aliyemzidi.

Alikuwa skauti wa Daraja la Pili, na Daraja la Kwanza alilitaka kuliko chakula. Skafu yake ya kijani aliifua kila Jumamosi na kuilaza chini ya mkeka ili inyooke. Siku aliyomsalimia mama yetu kwa mkono wa kushoto, kama skauti wanavyosalimiana, Mayu aliupiga kofi mkono ule. "Huo wape wenzako wa shuleni," alisema. "Mimi nimekuzaa."

Kilichomtesa kilikuwa mafundo. Mara mbili Mwalimu Stanslaus, kiongozi wa skauti, alimwita mbele ya wenzake amfunge mtu mguu kama majeruhi. Mara mbili mwalimu aliivuta ncha ya kitambaa kwa kidole kimoja, fundo likafunguka, na wote wakaangua kicheko. Kaka alirudi nyumbani hali wala hasemi. Kwa miezi mitatu alifunga kila kilichomkalia mbele: miguu ya kigoda, shingo ya kibuyu, mbuzi, mimi. Mara ya tatu akafaulu.

Ikabaki safari. Alitakiwa kutembea maili kumi na nne mpaka Kolandoto, alale huko, kisha arudi na taarifa ya maandishi ya yote aliyoyaona na kuyafanya. Mwalimu angetangulia kwa baiskeli kumngoja kwenye lango la hospitali ya misheni.

Nilimfuata. Nilikuwa na miaka tisa na kiherehere cha watoto kumi. Aliponigundua tulikuwa tumeshapita maili ya tatu. Angenirudisha nyumbani, siku ingekwisha, na jaribio lingengoja mwaka mwingine. Alinitazama, akatazama jua, akasema, "Haya, twende. Ukilia nakuacha."

Sikulia. Kwenye maili ya sita niliingia majanini kuokota matunda ya furu, na kifutu aliyejilaza kwenye majani makavu akaniuma juu ya kifundo cha mguu. Hapo nililia.

Sitamsingizia kaka: mikono yake haikutetemeka. Alivua skafu, akaizungusha chini ya goti langu, akapitisha kijiti, akakinyonga mpaka nikapiga ukelele, akakaza fundo. Kisha akanibeba mgongoni. Zilikuwa zimebaki maili nane.

Kitambaa cha namna ile kilitakiwa kulegezwa kila baada ya muda mfupi ili damu ipite. Mwalimu aliwafundisha hivyo, na kaka alikuwa amekariri somo hilo kwa sauti nyumbani mpaka na mimi nikalishika. Nikamwambia, "Kaka, legeza kidogo." Akasema tunakaribia. Kwenye korongo kavu nikamwambia tena. Akasema nivumilie. Mara ya tatu nilimng'ata bega. Aliongeza mwendo tu.

Tulifika langoni jua limeshainama. Kitu cha kwanza alichofanya, mimi nikiwa bado mgongoni, ni kugeuka ubavu ili Mwalimu Stanslaus alione fundo. Mwalimu alilivuta kwa kidole. Halikufunguka.

"Safi," alisema.

Mguu ulikatwa kesho yake, karibu na pale skafu ilipokuwa.

Wiki tatu baadaye muuguzi mmoja, Scolastika, alikuwa ananisafisha kidonda. Alimwona kaka nje ya dirisha, ameketi chini na kofia yake magotini, kama alivyokuja kuketi kila Jumapili. "Sumu ya kifutu huozesha nyama," aliniambia. "Hata angelegeza, mguu huu usingepona. Daktari mwenyewe amesema. Mwambie kaka yako asijitese."

Sikumwambia. Mwanzoni ilikuwa hasira. Nilitaka ateseke, na alistahili, ndivyo nilivyoona. Baadaye ilikuwa tamu. Alinibeba kwenda shule na kurudi kwa miaka miwili. Nyama yake aliitia kwenye bakuli langu. Alinichongea magongo, na nilivyokua akayachonga upya. Niliogopa nikimwambia ataniweka chini.

Alipewa Daraja la Kwanza mjini Shinyanga, mbele ya wakubwa wa wilaya, watu wakipiga makofi. Siku chache kabla, mwalimu alikuwa amemrudishia taarifa yake aandike upya ukurasa mmoja. Aliuandika. Beji ile hakuivaa hata siku moja. Tangu hapo ndipo kamba zake zilipoanza kulegea, za ng'ombe, za magunia, za kila kitu, na watu wakapata cha kuchekea.

Mwaka 1956 alikwenda Geita kufanya kazi mgodini. Akiba yake ya kwanza ilininunulia cherehani ya mkono, ndiyo iliyonilea. Kila nilipokaa kushona, niliyakumbuka maneno ya Scolastika. Krismasi ya 1957 aliandika kwamba Pasaka atakuja nyumbani. Nikaapa kwamba Pasaka nitamwambia, hata akinichukia.

Alikufa kwa homa mwezi wa tatu, Pasaka haijafika. Walimzika hukohuko.

Mfanyakazi mwenzake, Ignas, alituletea sanduku lake la mbao kwa lori, limefungwa kamba ya katani. Alimwamkia Mayu, akatoa pole, akasema, "Alilifunga mwenyewe asubuhi ile anapelekwa hospitali. Nilitaka kumkazia, akakataa."

Mayu alisema, "Klara, ng'wanone, mwanangu, leta kisu."

Kisu cha nini? Nilivuta ncha moja kwa kidole, kamba yote ikaanguka chini.

Ndani mlikuwa na mashati mawili, skafu ya kijani, beji, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa ukurasa ule wa kwanza, alioambiwa auandike upya. Mwandiko wake wa shule, mzuri, wa kuegemea kulia: *Mdogo wangu aliniomba nilegeze mara tatu. Sikulegeza. Nilitaka mwalimu aone fundo.*

Ignas alikuwa anakunywa maji. Mayu alikuwa ameishika skafu, anainyoosha kwenye goti kama Jumamosi zile. Mimi niliinama juu ya sanduku na kusema kwa sauti maneno yote niliyoambiwa hospitali: kwamba hata angelegeza mguu usingepona, kwamba daktari mwenyewe amesema, kwamba asijitese.

"Unasema na nani?" Mayu aliuliza.

Nikamwambia nasema na Theonest. Akaniuliza maneno hayo niliyapata lini, na ilinibidi nimjibu kwamba nilikuwa nayo tangu nina miaka tisa.