Mtoto Ana Jina la Mama Mkwe, Sasa Anadhani Ni Yeye Nimekataa

Ficheni jina langu tafadhali, huku kwetu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka ishirini na mbili, shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo mnivumilie. Nimeolewa upande wa Kianjokoma. Bwanangu anauza mabati na misumari kwa duka la mtu pale Makutano, Meru, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Hapa nimebaki na mama yake na mtoto wetu mchanga.

Mtoto ni msichana, wa kwanza, na kwa desturi yetu alipewa jina la mama mkwe. Kwetu hilo si jina tu, mtoto anahesabiwa ni yeye mwenyewe. Mama mkwe akimbeba anamsalimia, "Mimi mdogo, umeamkaje?" na majirani wakija wanauliza kama nyanya mdogo amelala. Tena huyo mama amenitunza. Tangu nijifungue ananiletea uji wa wimbi kitandani kila asubuhi, na nguo za mtoto anafua yeye. Sina ubaya wa kusema juu yake.

Shida ni mimi. Tangu nizae sisikii kitu. Mtoto akilia namwangalia kama wa mtu mwingine. Namnyonyesha nikiwa nimegeuza uso, machozi yanatoka tu. Kuna siku nilimlaza kwa leso kando ya shamba la majani chai nikaanza kwenda zangu, nikifikiria atalelewa vizuri nikiwa sipo. Nilirudi, lakini nilijiogopa.

Nilipompeleka kudungwa sindano, nesi akaniuliza, "Na wewe mama, uko aje?" Nililia mpaka akafunga mlango. Akasema huo ni ugonjwa, unashika wamama wengi wakishazaa, na unatibiwa. Akanipangia nione daktari Embu mjini Jumatatu, nikuje na mtu wa nyumbani ndio aelezwe vile atanisaidia. Nilirudi nikiwa mwepesi. Niliona nitapona.

Nikamwambia mama mkwe tukichambua mboga. Kwa Kiembu huo ugonjwa sijui unaitwaje. Neno ninalojua ni la mwendawazimu, yule wa kuokota makaratasi sokoni. Basi nikasema tu, "Mama, daktari anataka kunitibu kwa sababu nimeshindwa kumpenda mtoto."

Akaweka sufuria chini. "Kwa hivyo ni mimi umeshindwa kupenda."

"Si wewe, mama. Ni mtoto."

"Na mtoto ni nani?"

Tangu siku hiyo uji unakuja, lakini anauacha mlangoni. Bwanangu akapiga simu. "Mama amelia. Kwani alikukosea nini?" Nikamwambia ni ugonjwa. "Ugonjwa gani huo unachagua jina la mama yangu? Jumapili wamama wa kanisa wanakuja kukuombea. Omba msamaha mbele yao, hii maneno iishe." Mama yangu mzazi, ako Siakago, naye anasema, "Hata mimi nilikuzaa nikilia. Nani alinipeleka hospitali? Omba msamaha, mwanangu, usirudishwe kwetu."

Mimi ni mtu wa maombi, na nitashukuru wakiniombea. Lakini nikiomba msamaha nitakuwa nimekubali ni chuki, na Jumatatu hakuna mtu ataniachilia niende. Nikiondoka peke yangu watasema nimemtoroka mama na jina lake. Na ukweli ni kwamba mtu ningetaka aketi na mimi kwa daktari ni yeye. Hapa hakuna mwingine anayejua vile nilikuwa nikicheka.

Wamama mliopitia haya, na nyinyi wenye wakaza wana pia, msinitusi, nipeni maneno. Nimwambieje mama, kwa lugha ya nyumbani, ndio ajue si yeye nimekataa na akubali twende pamoja? Na akikataa, nijiendee? Jumapili ni kesho kutwa.