Mukwa wa Mama Linah

Makhanu ni fundi wa pampu za maji hapa Kamere, na ukaidi wake naujua kwa sababu chai ya asubuhi huinywa kibandani kwangu. Wakulima wadogo wa nyanya na kabeji huweka pampu zao chini kabisa, ukingoni mwa Ziwa Naivasha, mahali ambapo hata bodaboda hukwama topeni. Kwa hivyo fundi hushuka kwa miguu, na sanduku lake la vifaa ni la chuma, zito kama gunia la viazi.

Alilibeba begani miaka mingi hadi bega likakataa kuinuka. Fundi asiyefika kwenye pampu si fundi, basi akaanza kubuni. Alifunga magurudumu ya kigari cha mtoto chini ya sanduku, yakazama kwenye matope siku ya kwanza. Akapasua pipa la plastiki alitumie kuburuta sanduku, likatoboka kwenye mawe. Akagawa vifaa katika mifuko miwili, na kila mara spana aliyoihitaji ikawa imebaki nyumbani. Tulimcheka, naye akacheka, lakini niliona kikombe sasa anakishika kwa mkono wa kushoto.

Jibu lilikuwa kwa mkewe, Waithera. Alikuwa mtu wa Kinangop, amelelewa akibeba kuni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaozungushwa kwenye mzigo kisha ukapita kwenye paji la uso, ili mgongo ufanye kazi yote.

“Baba Linah, jaribu hii tu,” alimwambia hapa hapa kwangu. “Mzigo haujui kama wewe ni mwanaume.”

“Kwetu Kimilili mwanaume hafungwi kamba kichwani, Mama Linah.”

Hata kwao Waithera mukwa ni wa wanawake, na vijana wa boda walijua.

“Niaje, fundi?” wakamwambia. “Ama sasa tukuite mathe, kama mama zetu?”

Akakataa katakata. Nilikasirika, nikamwambia aibu haijawahi kujaza sufuria. Ni kama niliambia ukuta.

Basi Waithera akalibeba yeye. Kila fundi alipoitwa, mke alitangulia ameinama, sanduku mgongoni, mume akifuata na spana mkononi. Watu walinong’ona. Waithera alisema hayo ni matembezi tu, na kwamba tangu waoane hawajawahi kuongea hivyo. Naamini alisema kweli. Lakini moyo wake ulikuwa mgonjwa, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe.

Mchana mmoja, baada ya kutengeneza pampu ya mzee Mbugua, Waithera aliketi kwenye nyasi akasema kifua kinambana. Hapakuwa na mtu karibu. Makhanu alijaribu kumwinua mikononi, bega likakataa. Akafungua mukwa kutoka kwenye sanduku, akaliacha sanduku palepale, akamkalisha mkewe kwenye ukanda na kumfunga mgongoni pake kwa leso aliyokuwa amejitanda. Kisha akauweka ukanda kwenye paji lake mwenyewe.

Haya alinisimulia mara moja tu. Waithera alimfundisha akiwa kule mgongoni, sauti ndogo karibu na sikio.

“Inama kidogo, Baba Linah. Usikaze shingo. Hatua fupi.”

Akainama, akalegeza shingo, akapiga hatua fupi, na uzito ukatulia mgongoni vile alivyokuwa akiambiwa siku zote. Bega halikuuma. Alishangaa sana, na akaona aibu kwa muda wote aliopoteza.

Mimi niliwaona wakitokea barabarani. Vijana wa boda walisogeza pikipiki zao kando kuwapisha. Makhanu alikuwa amelowa jasho, na Mungu anisamehe, uso wake ulikuwa na furaha.

“Nimeweza, Mama Linah,” alikuwa akisema. “Umeona? Si nimeweza?”

Nikakimbia kumpokea Waithera, nikakiona kichwa chake kilivyolala, pumzi hamna. Makhanu alikuwa bado anatembea, ameinama, akimuuliza kama hivyo ni sawa. Ikabidi nimshike mkono, nimwambie asimame.