Aliyeandika Juu ya Jeneza

Kuna watu Mungu huwapa kipaji, pa kukitumia wajitafutie wenyewe. Fundi cherehani wetu alikuwa mmoja wao. Nyumbani kwao ni vyumba viwili: mume, watoto, na mama mkwe mgonjwa wa miguu aliyeita kutwa nzima, mara maji, mara shuka, mara dirisha. Hadithi aliyokuwa akiiandika, ya mjane anayegombea nyumba yake, ikakwama kama gari kwenye tope.

Akatoka kutafuta pa kuandikia. Benki palikuwa na viti vizuri, lakini mlinzi hakuchoka kumuuliza anasubiri huduma gani. Benchi la hospitali lilimfaa mpaka muuguzi alipomvuta mkono akampima presha.

"Presha iko sawa. Unaumwa nini, mama?"

"Hadithi," akajibu, akaondoka kabla hajaandikiwa sindano.

Alipopata, alipata pasipo na mgombezi. Alikuwa akimshonea seremala bitana nyeupe za majeneza, na siku moja alipopeleka mzigo akagundua kwamba mbele ya kibanda kile watu hupita haraka wakitazama pembeni. Hakuna anayekuja kupiga soga. Jeneza jipya lilikuwa limelazwa juu ya magogo, kimo cha meza kabisa. Akavuta kigoda, akafungua daftari.

"Usimwage wino tu, dada," seremala akamwambia. "Mwenyewe hatalalamika, ila ndugu zake nawajua."

Wengine tungekimbia. Yeye, moyo wa chuma ule, aliandika pale hadithi yote, ikabaki sura ya mwisho.

Lakini mdomo wa jirani hauna kufuli. Mama mkwe akaletewa habari kwamba mke wa mwanawe anashinda kwa muuza majeneza, tena kuna mambo anaandika. Bibi akaamini ni vipimo vya jeneza lake. Akasusa chakula.

"Mke wangu, achana na hayo maandishi," mume akasihi. "Mama atajiua kwa njaa."

Iliuma. Asubuhi akaenda kibandani kuaga, na kabla hajasema neno akamwona mama mkwe anakuja, fimbo mkononi, anahema.

"Haya, nipime! Si ndicho unachotaka? Nipime nikiwa bado nimesimama!"

Seremala akajibanza nyuma ya mbao. Fundi cherehani akasogeza kigoda.

"Kaa kwanza, mama. Nikusomee."

Akasoma. Mjane wa hadithi alikuwa na miguu mibovu na ulimi wa pilipili, na mashemeji walipokuja kumtoa nyumbani aliwasubiri mlangoni na mwiko. Bibi aliyekuja na hasira akaanza kutikisa kichwa, kisha akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Huyo ni mimi."

"Ni wewe, mama. Nani mwingine angeweza?"

Bibi akalinyooshea daftari kidole.

"Na mwisho wake?"

Fundi cherehani akatazama chini. "Nilipanga afe."

"Thubutu!" Bibi akapiga kifuniko cha jeneza kwa kiganja, vumbi la mbao likaruka. "Nyumba bado hajaipata, afe ana haraka gani? Andika! Mimi sitoki hapa mpaka aipate."

Fundi cherehani akainama, akaandika mpaka jua likageuka. Na kwa muda wote huo mama mkwe hakuomba maji hata mara moja.