Majani ya Mabaka Kando ya Kisima

Mwaka nilioolewa Bagamoyo, shangazi yangu alikuja kunitazama akitokea Lushoto, alikokuwa akiishi na mumewe. Ndani ya kikapu chake, juu ya viazi, alikuwa na vipande vitatu vya mmea wa kutambaa, amevizungushia kitambaa kibichi. Majani yalikuwa ya kijani katikati na meupe pembeni, weupe wa tui. Nilikuwa sijapata kuona jani la namna ile. Niliyapapasa mpaka shangazi akacheka.

"Huku kwenu joto," alisema. "Yakikufia usilie."

Mama mkwe aliyashika, akayanusa, akanirudishia. Uani kwake palikuwa na asumini, mrehani na mchaichai, kila mmoja na kazi yake.

"Hayaliwi, hayanukii. Ya nini, mwanangu?"

"Ya kutazama tu, mama."

"Kutazama," alirudia, akaenda zake jikoni.

Nilivipanda kwenye madebe mbele ya ua, penye jua, nikidhani nakipa kila kimoja nafasi nzuri. Kabla ya Ijumaa viwili vilikwisha kukauka. Cha tatu nilikihamisha haraka nyuma ya kisima, ambako ukuta wa mawe ulikuwa na unyevu mchana kutwa, nikakitilia samadi ya mbuzi. Kila nilipokwenda kuteka maji nilikichungulia. Wiki tatu hakikufa wala hakikuota.

Asubuhi moja, baada ya mvua, nikaona jani jipya, dogo kama ukucha, nalo limekwisha kujipamba ule ukingo mweupe. Nilikimbilia jikoni mikono imejaa unga.

"Umeona nyoka?" mama mkwe aliuliza.

"Umechipua, mama! Njoo uone."

Alikuja polepole, akainama, akatazama muda mrefu. "Kumbe linazaliwa na weupe wake," alisema.

Tangu siku hiyo mmea ulishika kasi. Ulitoa vijizizi kama nywele, ukaung'ang'ania ukuta bila kamba wala kijiti. Nikaanza kuupima: kila Ijumaa nachora mstari wa mkaa pale ncha ilipofika. Moyo ulikuwa ukinidunda kabla sijafika kisimani. Basi Jumatatu moja nikakuta mistari mitatu ambayo sikuichora mimi, midogo, imekaribiana. Mama mkwe alikuwa akifua pale pale, vidole vyake vina weusi wa mkaa. Hakuinua uso.

"Ijumaa ni mbali," alisema.

Tulicheka hadi tukakaa chini. Kuanzia hapo tukawa tunapima wote wawili kila alfajiri, tukibishana kama ncha ihesabiwe na lile jani ambalo bado limejikunja.

Ulipofika usawa wa dirisha, jirani aliomba kipande. Nilikuwa nafungua mdomo nimkubalie, mama mkwe akaniwahi.

"Una ukuta wenye kivuli?" alimuuliza. "Twende kwanza tukautazame."

Akajitanda kanga yake, akatangulia.